Seva ya mafaili ya nyumbani kwa kompyuta ya mtumba na diski mbili

Video ya sendofu ya shemeji yangu ilikuwa na GB 38. Mpiga video alituletea kwenye flashi, mke wangu akaihamishia kwenye laptopu yake, dada zake wakaitaka, mama yao aliyeko Tanga akaitaka, na mimi nikaambiwa: "Baba Amani, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Itume." Itume kwa bando gani? Flashi ikazunguka ukoo mzima, ikarudi baada ya miezi miwili ikiwa na virusi na nusu ya video haifunguki. Ile ya kwenye laptopu tulikuwa tumeshaifuta ili kupata nafasi.

Hapo ndipo nilipotengeneza seva ya nyumbani. Ni kompyuta inayokaa kona moja sebuleni, haina skrini wala kibodi, na kazi yake ni kushika mafaili na kuyagawa kwa kila simu, laptopu na TV iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba. Faili likitoka kwenye simu kwenda kwenye seva halili bando hata MB moja, kwa sababu halitoki nje ya nyumba. Bando likiisha, mradi ruta inawaka, kazi inaendelea.

Vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hii vipo, Synology na QNAP ndiyo majina yanayosikika zaidi, ila kwa kawaida kisanduku huuzwa kitupu na diski unanunua mwenyewe. Kwa bajeti ya nyumba ya kawaida, kompyuta ya ofisini iliyotumika inafanya kazi ileile. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo nakupa mgawanyo wangu badala ya bei: katika kila shilingi 10,000 ya bajeti, 6,000 ziende kwenye diski, 2,000 kwenye kompyuta, 1,500 kwenye umeme na 500 kwenye nyaya. Wengi hufanya kinyume. Wananunua prosesa kali, kisha wanachomeka diski moja ya kuokoteza.

Kwanza, pima mzigo

Pita kwenye kila simu na laptopu ya nyumbani, andika picha na video zimekula GB ngapi, jumlisha, zidisha mara tatu. Kwangu jumla ilikuwa GB 610, mara tatu ikawa kama TB 1.8. Nikachukua diski za TB 4 ili nisirudi dukani mapema. Usishtuke Windows ikikuonyesha 3.63 kwenye diski iliyoandikwa TB 4. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 1: Kompyuta

Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi, tafuta kompyuta za mezani zilizotoka maofisini Ulaya, zile ambazo Kenya huziita ex-UK. HP Compaq na EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, yoyote kati ya hizo. Core i3 au i5 ya kizazi cha nne inatosha sana. Kizazi utakijua kwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-4570 ni cha nne. RAM ya GB 4 inafanya kazi, GB 8 ni raha. Seva ya mafaili haifikirii sana, inabeba mizigo tu.

Linalohitaji macho ni kasha. Kompyuta ndogo za kulala mezani nyingi zina nafasi moja tu ya diski kubwa ya inchi 3.5. Zile za kusimama zina mbili au zaidi. Mwambie muuzaji afungue kifuniko papo hapo, kisha hesabu vitu vitatu: nafasi za diski, matundu ya SATA kwenye bodi, yale ya kuchomekea diski (unahitaji matatu), na plagi za umeme za SATA zinazotoka kwenye pawa saplai. Plagi zikipungua, usinunue kigawanyio cha bei chee chenye plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya. Vigawanyio vya aina hiyo vina sifa mbaya ya kuyeyuka na kuwaka moto. Tafuta kasha lingine.

Mwenye laptopu ya zamani iliyovunjika kioo asiitupe. Ni seva tayari, tena betri yake inaibeba umeme ukikatika. Kasoro yake ni kwamba diski zitakaa nje kwa USB, na itabidi uiambie isilale ukifunga mfuniko: kwenye faili la `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`. Betri ikiwa imevimba, itoe kabla ya jambo lingine lolote.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja? Inakula umeme kidogo kweli, lakini ukishanunua adapta, kasha, na diski za USB zenye umeme wake, kwa huku kwetu umefika bei ya kompyuta nzima ya mezani yenye nafasi za SATA ndani.

Umeme, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la mke wangu: kompyuta ya aina hii pamoja na diski mbili, ikiwa imekaa tu bila kazi kubwa, inazunguka kwenye wati 25 hadi 35. Wati 25 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 18 kwa mwezi. Tanzania, kama LUKU yako iko kwenye daraja la matumizi madogo lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, hizo 18 ni karibu robo ya kiwango chako. Piga hesabu kabla hujavuka ukapandishwa daraja. Unaweza pia kuipangia izime saa sita usiku na kuwaka alfajiri, mradi kazi ya nakala nitakayoieleza chini ipangwe kabla haijazima.

Hatua ya 2: Diski, na hapa usiwe na haraka

Unahitaji tatu: SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ndogo ya GB 120 kwa ajili ya mfumo wenyewe, na diski mbili kubwa za mafaili, nitaziita A na B.

Diski mpya za inchi 3.5 ambazo ni rahisi kupatikana kwetu ni zile za CCTV: WD Purple na Seagate SkyHawk. Biashara ya kamera imezileta hadi maduka ya wilayani. Zimetengenezwa kufanya kazi saa 24, na kwa nyumba zinafaa. Diski za zambarau zinaandikiwa video za kamera mchana na usiku, hazitashindwa picha za kipaimara.

Ukiona diski nyingine, uliza kama ni CMR, inayopanga data bila kulaliana na ndiyo unayoitaka, au SMR. SMR hupanga data kwa kulalia kama vigae vya paa. Kuongeza ni sawa, lakini ukibadilisha kitu katikati inabidi ipange upya safu nzima, na kasi inaanguka. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Tangu hapo jina la WD Red Plus ndilo la zile za CMR.

Za mtumba nazo zinanunulika, ila kwa masharti. Nenda dukani na laptopu, adapta ya SATA kwenda USB yenye umeme wake, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Soma mistari minne tu:

- Power On Hours: saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmodi mzima ni saa 8,760.
- Reallocated Sectors: sehemu zilizokufa zikahamishwa. Inayotakiwa ni sifuri.
- Current Pending Sector: sehemu zinazosubiri kufa. Sifuri, hakuna mjadala.
- CRC Error: makosa ya njiani. Mara nyingi huu ni waya mbovu, siyo diski.

Mimi niliwahi kupewa diski "mpya kabisa" ndani ya mfuko wa rangi ya fedha uliofungwa kwa joto. Nikaichomeka palepale kaunta, ikasoma saa 31,000 na ushee, yaani miaka mitatu na nusu mfululizo. Muuzaji hakupepesa macho: "Kaka, hizo ni saa za majaribio ya kiwandani." Nikamrudishia, tukacheka wote wawili, nikaondoka. Saa nyingi peke yake si ugonjwa, lakini bei iwe ya mtumba.

Na vile vidude vya USB vilivyoandikwa TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana, ni flashi ndogo iliyofundishwa kudanganya. Inapokea mafaili yako yote, inaonyesha majina yake, na ndani hamna kitu. Programu ya f3 kwenye Linux huviumbua kwa dakika chache.

Hatua ya 3: Safisha na uingie BIOS

Puliza vumbi nje, siyo sebuleni. Pwani angalia pia wadudu: nilipofungua yangu baada ya mwaka wa kwanza nilikuta mayai mawili ya mjusi yamekaa kwa amani juu ya pawa saplai, kwenye joto zuri. Sasa matundu yasiyo na feni nimeyaziba kwa wavu wa dirisha, na kila mwezi naupiga brashi.

Badilisha betri ya saa kwenye bodi, ile bapa ya CR2032. Kompyuta ya ofisini ya miaka 10 karibu lazima iwe imeshaimaliza. Dalili yake kwenye HP ni ujumbe wa "163-Time & Date Not Set" kila ikiwashwa, na inasubiri ubonyeze kitufe. Seva isiyo na kibodi itasubiri kitufe hicho hadi Kiama, na wewe utadhani imekufa.

Sasa ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe, kwa kubonyeza kitufe mara tu inapowaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Tafuta mpangilio wa umeme ukirudi. HP huuita After Power Loss, Dell huuita AC Recovery. Weka On au Power On. Bila hilo, kila umeme ukikatika itabidi mtu aende kuibonyeza, na siku hiyo wewe utakuwa safarini. Kama kuna mpangilio wa kulalamikia kibodi isiyokuwepo, uzime. Hifadhi, kisha jaribu kweli: chomoa waya ukutani, hesabu hadi kumi, rudisha. Iwake yenyewe.

Hatua ya 4: Sakinisha OpenMediaVault

OpenMediaVault ni mfumo wa bure uliojengwa juu ya Debian, na baada ya kuuweka utauendesha kwa kivinjari kutoka laptopu yoyote. Kuna mwenzake, TrueNAS, ni mzuri, lakini unataka RAM ya GB 8 kama mahali pa kuanzia. Kwa mashine yetu ya mtumba nabaki na huu.

Pakua faili la ISO, yaani kisakinishi chake, na uliandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kabla ya kuwasha, chomoa diski A na B, acha SSD peke yake. Kisakinishi kinafuta diski nzima unayoichagua, na saa tano usiku majina ya sda na sdb yanafanana. Chomeka waya wa mtandao, washa kwa flashi, na ujibu maswali. Saa za eneo chagua Dar es Salaam au Nairobi. Weka neno la siri la root, yaani mtumiaji mkuu wa seva, na uliandike mahali.

Ikimaliza, toa flashi, zima, rudisha diski A na B, washa. Skrini itaonyesha anwani ya IP, tuseme 192.168.1.50. Hapo unaweza kuondoa skrini na kibodi. Kwenye laptopu andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ingia kwa jina `admin` na neno la siri `openmediavault`, na ubadilishe neno hilo kabla ya kugusa kingine.

Ingia pia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, na uifungie seva anwani hiyo iwe yake daima. La sivyo siku ruta itakapozimwa na kuwashwa seva inaweza kuamka na anwani nyingine, na nyumba nzima itakwambia imeharibika.

Hatua ya 5: Diski, folda na watu

Kabla ya kuziamini diski, zipime. Kwenye laini ya amri ya seva, pale unapoandika amri kwa maandishi ukiwa umeingia kama root: `smartctl -t long /dev/sdb`, kisha hivyohivyo kwa `/dev/sdc`. Hakikisha majina kwenye ukurasa wa Storage, Disks. Kwa TB 4 kipimo kinaweza kula saa saba au nane, lala. Asubuhi soma jibu kwa `smartctl -a`.

Kisha Storage, File Systems: tengeneza ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, kwenye A na kwenye B. Hii inafuta kila kitu kilichomo. Baada ya kila badiliko, juu ya ukurasa unatokea mstari wa njano unaosubiri uthibitishe kwa alama ya vema. Nusu ya maswali ya "mbona haifanyi kazi" yanaishia kwenye mstari huo.

Nenda Shared Folders, tengeneza `familia` na folda moja kwa kila mtu, zote kwenye diski A. Diski B usiiwekee folda ya kugawa hata moja. Sababu inakuja.

Kwenye Users sajili kila mtu na neno lake la siri. Kwenye Services, SMB/CIFS (njia ya kugawa folda kwenye mtandao), washa huduma, ongeza folda, weka Public iwe No, na uwashe recycle bin ya kila folda. Usikubali ushauri wa kuwasha SMB1 ili TV ya zamani isome. Ni toleo hilo ambalo virusi vya WannaCry vililipitia Mei 2017. TV kama hiyo tumia DLNA, njia ya kurushia TV video, au chomeka kisanduku cha Android chenye programu ya video ya VLC.

Hatua ya 6: Waya

Wi-Fi ni ya simu. Seva yenyewe ikae kwenye waya. Na hapa kuna mtego: ruta nyingi tunazopewa na laini za intaneti zina matundu ya megabiti 100 tu. Hiyo ni kama MB 11 kwa sekunde. Ile video ya GB 38 inachukua karibu saa nzima. Kwenye matundu ya gigabiti unapata kama MB 110, video inaisha kwa dakika sita.

Dawa ni swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano. Seva na kompyuta za waya zichomekwe kwenye swichi, swichi ichomekwe kwenye ruta. Nyaya ziwe Cat5e au zaidi, na zote nane za ndani ziwe zimebanwa. Baadhi ya mafundi hubana nne tu kwa kuwa kwa intaneti zinatosha; gigabiti inataka zote nane. Hakiki kwenye seva kwa `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao. Usome `Speed: 1000Mb/s`. Ukisoma 100, badilisha waya kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hatua ya 7: Simu za wenye nyumba

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `\\192.168.1.50\familia`. Kwenye Android, Cx File Explorer inaongeza seva kwa dakika moja. Kwenye iPhone, app ya Files, vitone vitatu, Connect to Server, `smb://192.168.1.50`. VLC inacheza video moja kwa moja bila kuhamisha chochote.

Lakini hakuna atakayehamisha picha kwa mkono zaidi ya wiki ya kwanza. Weka FolderSync kwenye kila simu ya Android: folda ya DCIM, yenye picha za kamera, kwenda kwenye folda ya mwenye simu, kwa Wi-Fi tu, simu ikiwa kwenye chaji. Uelekeo uwe mmoja, kutoka simu kwenda seva. Ukiweka wa pande mbili, siku mwenye simu anafuta picha ili apate nafasi, seva nayo inafuta.

Hatua ya 8: Nakala ya kila usiku

Wengi wakiwa na diski mbili wanaziunganisha kwa RAID 1: kila kinachoandikwa A kinaandikwa B wakati huohuo. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea bila hata kusimama. Kwa benki ni jambo la lazima. Nyumbani, seva ikilala nusu siku hakuna anayekufa. Kinachopoteza mafaili nyumbani ni mkono wa mtu. Mtu akifuta folda, RAID inaifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye laptopu na kufunga mafaili ya `familia`, RAID inafunga nakala zote mbili.

Kwa hiyo mimi naiacha B ikae kando, haionekani kwenye mtandao, na kila usiku inachukua kilichobadilika kwenye A. Hati yangu hii hapa, inatumia programu ya kunakili iitwayo rsync, iko `/root/nakala.sh`:

```
#!/bin/bash
A=/srv/dev-disk-by-uuid-xxxx
B=/srv/dev-disk-by-uuid-yyyy
mountpoint -q $A || exit 1
mountpoint -q $B || exit 1
mkdir -p $B/nyumbani $B/zilizofutwa
rsync -a --delete --backup \
  --backup-dir=$B/zilizofutwa/$(date +%F) \
  $A/ $B/nyumbani/
```

Njia halisi za A na B utaziona kwa amri ya `df -h`. Mistari miwili ya `mountpoint` ndiyo roho ya hati hii, usiikate. Diski B ikichomoka na mstari wake haupo, rsync itamwaga mafaili kwenye SSD ya mfumo hadi ijae na seva igome. Diski A ikichomoka ni balaa zaidi: rsync inakuta folda tupu, inaamini umefuta kila kitu, na inaihamisha nakala nzima kwenda kwenye zilizofutwa.

Sehemu ya `--backup-dir` inamaanisha faili lililofutwa au kubadilishwa halipotei. Linahamia kwenye folda yenye tarehe ya usiku huo. Mwanangu aliwahi kufuta folda nzima ya picha za bibi yake akitafuta mchezo. Tuligundua wiki tatu baadaye. Niliingia `zilizofutwa`, nikafungua tarehe baada ya tarehe, nikazikuta zote. Kila miezi michache nafuta tarehe za zamani kwa mkono.

Ipe ruhusa kwa `chmod +x /root/nakala.sh`, kisha kwenye System, Scheduled Tasks, ipangie saa 2 ya usiku. Saa 2 ya kompyuta, yaani saa nane usiku yetu. Rafiki yangu aliandika 8 kwa mazoea, na nakala zikawa zinaanza saa mbili asubuhi kila mtu akiwa kwenye mafaili.

A na B ziko kwenye kasha moja. Mwizi mmoja au radi moja inachukua zote. Nina diski ya tatu, ndogo ya USB, inayokaa kwa mdogo wangu Morogoro. Kila miezi mitatu inakuja na basi, inapokea nakala, inarudi.

Hatua ya 9: UPS

Diski haipendi kukatiwa umeme ikiwa inaandika. UPS, kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 inatosha, ila iwe na tundu la USB. Za bei ya chini kabisa hazina, na bila tundu hilo seva haijui kwamba umeme umeondoka. Betri ya ndani mara nyingi ni ya volti 12 na Ah 7, ileile ya king'ora, hivyo ikichoka unabadilisha betri tu.

Sakinisha nyongeza ya NUT, inayoongea na UPS, ndani ya OpenMediaVault. UPS za APC kwa kawaida zinatumia dereva ya `usbhid-ups`. Nyingi za majina yasiyojulikana zinakubali `nutdrv_qx`. Weka seva izime baada ya dakika tano za betri. Usisubiri betri ishuke kabisa, betri ya mtumba hudanganya asilimia zake. Umeme ukirudi, ule mpangilio wa BIOS unaiwasha.

Ukiwa nje ya nyumba

Usifungue tundu 445 (port, mlango wa mtandao unaotumiwa na SMB, siyo tundu la waya) kwenye ruta ili ufikie mafaili ukiwa kazini. Mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga maelfu ya vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. Tena laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, kwa hiyo hata ukifungua hufiki. Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri ndani ya intaneti, inavuka vyote viwili: isakinishe kwenye seva na kwenye simu, ingia kwa akaunti moja, na seva inaonekana kana kwamba uko sebuleni. Hapo sasa bando linaliwa, kumbuka.

Jaribio la mwisho

Fanya hili kabla hujafuta picha hata moja kwenye simu. Zima seva, chomoa diski B, ichomeke kwa adapta kwenye laptopu iliyowashwa kwa flashi ya Ubuntu, yaani Linux inayosoma ext4. Fungua folda ya `nyumbani`, chagua video ndefu kuliko zote, icheze, ruka hadi katikati, ruka hadi mwisho. Kwangu ni ile ya sendofu, ambayo hatimaye niliipata tena kwa mpiga video mwenyewe, kwa malipo. Ikicheza hadi mc anapoaga, rudisha diski, funga kifuniko, washa, na uwaambie walioko sebuleni kwamba seva imerudi.